Kangomba na haki ya kusubiri

Mwezi wa saba mwaka 2024, mama yangu mkubwa, mjane, aliuza korosho ambazo zilikuwa bado hazijazaliwa. Mikorosho ilikuwa kwenye maua, yale maua madogo meupe yanayogeuka waridi siku zikienda, yenye harufu tamu ukipita shambani alfajiri. Nilikuwa nimekaa barazani kwake, Newala mkoani Mtwara, mwendo mfupi tu kutoka Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana chini kama nchi nyingine. Kijana mmoja alifika na pikipiki, akaiegesha chini ya mwembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu mkekani."

Hakuja na mizani. Alikuja na daftari la kaunta. Walizunguka shambani pamoja, akitazama juu ya miti na kuandika, kisha wakarudi kukaa. Makubaliano yalichukua muda mfupi kuliko kunywa chai: kilo 200, kila kilo shilingi 1,500, fedha taslimu leo, mzigo utachukuliwa mwezi wa kumi. Mama mkubwa akahesabu laki tatu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaweka dole gumba kwenye daftari.

Fedha ile ilikuwa na safari yake tayari. Binti yake wa mwisho alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine kabisa. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022, lakini fomu ya kujiunga haikufutwa: godoro, shuka jozi mbili, ndoo, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, sare, viatu vyeusi, nauli. Shule ilikuwa inafunguliwa mwezi huohuo. Korosho hukomaa baadaye.

Mwezi wa kumi, mnada wa kwanza wa msimu ulipofanyika, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Fanya hesabu mwenyewe. Kilo 200 zile zingeleta zaidi ya laki nane. Toa ushuru na makato ya chama cha ushirika, bado hazikaribii laki tatu. Kama ungelihesabu lile kuwa deni, basi mjane huyu alikopa laki tatu na kulipa laki nane ndani ya miezi mitatu, riba ya zaidi ya asilimia 160. Hakuna benki duniani inayoweza kubandika riba hiyo ukutani.

Hiyo ndiyo kangomba, biashara ya kununua korosho kwa mkulima mapema, kwa vipimo visivyo rasmi, kwa bei ya anayejua kwamba muuzaji hana la kufanya. Mtwara na Lindi kila mtu anaijua. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wameilaani majukwaani kila msimu, watu wamekamatwa, na bado kila mwaka mikorosho ikichanua pikipiki zinapanda vilima. Nimeanza nayo kwa sababu watu wengi hapa kwetu wakisikia "haki za binadamu" hufikiria mtu aliyepigwa kituoni au mwandishi aliyefungwa. Wakisikia "umaskini" hufikiria uvivu, au bahati, au mapenzi ya Mungu. Mambo hayo mawili hukaa vichwani mwetu kwenye vyumba tofauti. Nataka kuyaweka kwenye mkeka mmoja, ule wa mama mkubwa, na kuuliza swali ambalo si rahisi kama linavyoonekana: siku ile, kuna haki iliyovunjwa? Na kama ipo, nani aliivunja?

Jibu la haraka litasema kijana wa pikipiki. Alikiuka utaratibu, hilo kweli. Lakini hakumshika mama mkubwa mkono. Hakumdanganya bei; wote wawili walijua mwezi wa kumi itakuwa juu. Kwa kweli yeye alikuwa mtu pekee katika wilaya nzima aliyefika na laki tatu siku ambayo laki tatu zilihitajika. Nilimuuliza mama mkubwa kama hakuumia. Akasema, "Mwanangu, umia ya mwezi wa kumi naiweza. Ya leo siiwezi."

Utaratibu halali ulikuwepo. Unaitwa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, ukisimama juu ya sheria ya mwaka 2005. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Zinapimwa kwa mizani, zinakwenda ghala kuu, naye anabaki na karatasi. Vyama vikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vinaita wanunuzi mnadani. Anayetaja bei kubwa anachukua, na fedha inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Wazo lake ni zuri na nalitetea mbele ya yeyote. Zamani mkulima mmoja alisimama peke yake mbele ya mnunuzi mwenye lori. Mnadani wamesimama maelfu.

Ila utaratibu huo una sharti moja ambalo halijaandikwa popote: uweze kusubiri. Usubiri korosho zikomae, zikauke, zifike chamani, mnada ufanyike, benki ilipe. Karatasi ya ghala inaweza kutumika kama dhamana ya mkopo, hilo lilikuwa mojawapo ya makusudi ya sheria, lakini karatasi haitoki mpaka korosho ziingie ghalani, na godoro la mtoto linatakiwa mwezi wa saba. Stakabadhi ghalani iliuponya udhaifu wa kuwa peke yako. Udhaifu wa kutoweza kusubiri iliuacha ulivyo.

Na nikizidi kusoma habari za haki, naona sharti lilelile limejificha kila mahali. Haki nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeweza kusubiri. Wazee wetu wanasema mvumilivu hula mbivu, na hawakukosea. Ila mvumilivu huyo lazima awe amekula kitu jana.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1948. Tarehe 10 Desemba, jijini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu: nchi 48 zilikubali, 8 zikajizuia, hakuna iliyokataa. Ibara ya kwanza inasema binadamu wote huzaliwa huru na wako sawa katika hadhi na haki. Wengi tunaijua hiyo. Wachache wanaijua ibara ya 25, inayosema kila mtu ana haki ya maisha yanayomtosha yeye na familia yake kwa chakula, mavazi, nyumba na matibabu, na haki ya kulindwa anapokosa kazi, anapougua, anapolemaa, anapozeeka, au anapofiwa na mwenzi wake. Ndiyo, ujane umetajwa kwa jina. Mjane wa Newala yumo ndani ya tamko lile, ibara ya 25.

Lakini hakuna aliyempigia kura. Mwaka huohuo 1948 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa wenyewe mikononi mwa Uingereza. Na siku zilezile wajumbe walipokuwa Paris wakipima maneno, matrekta yalikuwa Nachingwea yakifyeka misitu kwa ajili ya mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Mpango ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kwenda Nachingwea iling'olewa. Bandari ya Mtwara ikabaki. Huwa nalifikiria sana hilo. Maneno mazuri kuliko yote kuhusu binadamu yaliandikwa wakati ardhi yetu inapimwa kwa mahitaji ya mezani kwa mtu mwingine, na sidhani kama walioyaandika waliona mgongano wowote. Maneno hayo hayawi mabaya kwa sababu hiyo. Yanakuwa deni, na deni lina mdai.

Baada ya 1948 dunia iligawanyika katika vita baridi, na haki zikagawanywa nayo. Nchi za magharibi zilisisitiza uhuru wa kusema, kupiga kura, kutoteswa. Nchi za kijamaa zikasisitiza kazi, elimu, matibabu. Badala ya mkataba mmoja wenye nguvu za kisheria, mwaka 1966 ikapitishwa miwili: wa haki za kiraia na kisiasa, na wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Tanzania ilijiunga na yote miwili mwaka 1976. Marekani ilitia saini huo wa pili mwaka 1977 na mpaka leo haijauridhia. China iliuridhia wa pili, ila wa kwanza ilitia saini mwaka 1998 na ikaishia hapo. Kila mkubwa alichagua kipande kinachomfaa.

Tofauti kati ya mikataba hiyo imejificha kwenye maneno machache. Mkataba wa kwanza unaitaka serikali iheshimu haki leo. Wa pili unaitaka itimize hatua kwa hatua, kwa kadiri ya rasilimali zilizopo. Hoja yake inaeleweka. Kutompiga mtu hakugharimu kitu; kujenga zahanati kila kijiji kunagharimu. Nchi maskini haiwezi kuamka kesho ikiwa na hospitali zote. Lakini angalia nani anaambiwa asubiri. Aliyezibwa mdomo anaambiwa haki yako ni ya leo. Mwenye njaa anaambiwa haki yako inakuja, tuvumiliane.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo iliona hatari hiyo, na mwaka 1990 ikatoa ufafanuzi kwamba "hatua kwa hatua" haimaanishi "siku moja tukijaaliwa". Kuna kiwango cha chini ambacho serikali inapaswa kukilinda hata ikiwa na fedha kidogo: chakula cha msingi, matibabu ya msingi, elimu ya msingi, mahali pa kulala. Na kurudi nyuma kunahitaji sababu nzito. Wataalamu wa haki hugawa wajibu wa serikali katika mafungu matatu: kuheshimu, yaani serikali yenyewe isininyang'anye, kulinda, yaani asiachwe mwingine kuninyang'anya, na kutimiza, yaani iniwezeshe pale ambapo peke yangu siwezi. Mafungu haya yanasaidia sana kwenye kangomba. Kupiga marufuku na kukamata ni kulinda, na kulinda huku kumefanyika. Kutimiza kungekuwa kuhakikisha mjane ana njia nyingine ya kupata laki tatu mwezi wa saba. Ukifanya la kwanza bila la pili, unakuwa umemfungia mtu mlango mbaya bila kumfungulia mlango wowote, na biashara inahamia usiku. Bei ya usiku huwa chini zaidi.

Kwenye Katiba yetu ya mwaka 1977 mgawanyo huohuo umo, na ni watu wachache sana nje ya mawakili wanaoujua. Ibara ya 11 inataja haki ya kufanya kazi, ya kujielimisha, na ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maneno mazuri. Lakini ibara hiyo imo kwenye sehemu ya malengo ya mwelekeo wa nchi, na ibara ya 7 inasema wazi kwamba hakuna mahakama yenye uwezo wa kuamua kama serikali imetekeleza masharti ya sehemu hiyo. Haki za ibara ya 12 hadi 24, zilizoingizwa mwaka 1984, hizo unaweza kuzipeleka Mahakama Kuu kupitia ibara ya 30. Usawa mbele ya sheria umo. Haki ya kuishi imo. Haki ya kumiliki mali imo. Haki ya kutolala njaa haimo kwa jina lake.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, imeweka afya, makazi, chakula, maji na elimu kuwa haki zinazodaiwa mahakamani. Afrika Kusini ilitangulia, na kutoka huko kuna kisa ambacho kila anayedhani mahakama peke yake itamaliza umaskini anapaswa kukijua. Irene Grootboom alikuwa akiishi na familia yake uwanjani, karibu na Cape Town, baada ya kibanda chao kuvunjwa. Yeye na wenzake walishitaki, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali ilikuwa imekiuka Katiba kwa kutokuwa na mpango wowote kwa watu wenye shida ya makazi ya haraka. Hukumu hiyo inafundishwa vyuo vikuu duniani kote. Bibi Grootboom alifariki mwaka 2008, bado hajapata nyumba ya maana.

Siipuuzi hukumu ile. Imewasaidia maelfu waliokuja baadaye, kwa sababu sera za makazi zilibadilika. Ninachokiona ni kwamba hata aliyeshinda alishinda kwa kusubiri, na kusubiri kukamshinda.

Kwetu pia yapo. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 linawanyima wajane urithi katika jamii zinazofuata ukoo wa baba. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa na ndugu wa waume zao pamoja na watoto wao, walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba sheria ile inabagua, lakini ikasema haiwezi kuifuta kwa hukumu. Rufaa yao ilikaa miaka minne, kisha ikatupwa kwa dosari ya tarehe kwenye hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kesi ile ilipoamuliwa Mahakama Kuu, kufikia siku ile alikuwa na umri wa sekondari.

Hapa kwetu kusini hadithi ya urithi ni tofauti, na ni vizuri watu wa mikoa mingine waijue. Wamakonde, Wamakua na Wayao wanafuata ukoo wa mama. Shamba la mama mkubwa lilitoka kwa mama yake. Mume wake alikuja kulilima. Alipofariki hakuna shemeji aliyefika na panga kudai mikorosho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaongezea kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu. Kwa karatasi na kwa mila, mama mkubwa amesimama imara kuliko wajane wengi wa nchi hii.

Sasa angalia ajabu iliyopo. Ana ardhi, na haki ya ardhi ile hana anayempinga. Ana mikorosho inayozaa zao linalouzwa kwa dola. Ana chama, ana mnada, ana sheria inayomlinda dhidi ya kangomba. Na bado aliweka dole gumba. Hiyo ndiyo sababu siridhiki tunapopima umaskini kwa kuhesabu alichonacho mtu peke yake.

Vipimo vyenyewe vina kazi yake. Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri mwaka 2025 kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku, ukilinganisha bei za nchi mbalimbali, na kwa mstari huo zaidi ya watu milioni 800 wako chini yake. Kwetu, utafiti wa matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake. Namba hizi zinatuonesha wapi tupeleke nguvu, na bila hizo wanasiasa wangesema chochote. Lakini mstari ni mmoja kwa mwaka mzima, na hali ya mkulima wa korosho si moja mwaka mzima. Mwezi wa 11 mama mkubwa yuko juu ya mstari. Nyumba ina mchele, sukari, hata soda ya mgeni. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeziba njia na mahindi bado machanga, yuko chini. Anayenunua kangomba hajifunzi takwimu. Anajua kalenda.

Usawa nao unahitaji kutazamwa kwa jicho hilohilo. Mizani ya chama ni moja kwa wote, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwenye ekari 40 na mwenye ekari mbili wanapimiwa kwa jiwe lilelile, wanalipwa bei ileile. Ibara ya 13 ya Katiba ingetabasamu. Lakini mwenye ekari 40 ndiye mara nyingi mwenye fedha ya kumpa mwenye ekari mbili mwezi wa saba. Kufikia mnadani, korosho za wa pili zimeshaingia kwenye gunia la wa kwanza, na mizani inapima kwa haki mzigo ambao haukuja kwa haki. Duniani picha ni hiyohiyo kwa ukubwa wake: ripoti ya kimataifa ya mwaka 2022 kuhusu tofauti za kipato ilionesha kuwa asilimia 10 ya watu matajiri zaidi wanamiliki asilimia 76 ya mali yote, na nusu ya watu wa chini wanamiliki asilimia 2. Tunapenda kusema tajiri amepata na maskini amekosa. Mara nyingi alichokipata wa kwanza ni muda wa wa pili.

Siwezi kuandika kutoka Mtwara nikaipita gesi. Ibara ya kwanza ya mikataba yote miwili ya 1966 inasema watu wana haki juu ya utajiri wao wa asili, na kwamba watu wasinyimwe njia yao ya kujipatia riziki. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu unasema jambo kama hilo kwenye ibara ya 21. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013, bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipokuwa linaanza, watu wa Mtwara waliandamana, mwezi wa kwanza na tena mwezi wa tano, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Wengi nje ya mkoa walisema ni ubinafsi, kwamba gesi ni ya taifa. Ni kweli ni ya taifa. Neno "watu" kwenye mikataba ile halijafafanuliwa kuwa mkoa, na sidai hivyo. Lakini mkoa uliokuwa umeambiwa usubiri barabara, usubiri daraja la Rufiji mpaka 2003, usubiri viwanda, ulipoona bomba linapita kwa haraka ambayo barabara haikuwahi kuipata, ulisoma kitu kwenye haraka ile. Liwale mwezi wa nne mwaka huohuo ilikuwa korosho: malipo ya pili yalikuja pungufu ya matarajio, na nyumba za viongozi zikaungua. Siungi mkono moto. Nataka tu ieleweke kwamba subira ni mali, na mali hiyo huisha.

Basi nini hupunguza kusubiri? Hapa naona matumaini zaidi kuliko kwenye maneno ya mikataba, kwa sababu mambo yenyewe ni madogo na yanafanyika. Brazili mwaka 2003 iliunganisha misaada yake kuwa Bolsa Família, fedha ya kila mwezi kwa familia maskini, inayokwenda zaidi kwa akina mama. Sisi tulianzisha mpango wa kunusuru kaya maskini mwaka 2012, chini ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Watu wanabeza kiasi chake. Mimi nimeona kiasi hicho kikiwa ndicho tofauti kati ya kuuza mti mmoja na kuuza shamba. Fedha ndogo inayokuja siku inayojulikana ina nguvu kuliko fedha kubwa isiyo na siku. Halmashauri nazo zinatakiwa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa mikoa ya korosho, mkopo huo ukitolewa mwezi wa sita una kazi. Ukitolewa mwezi wa 12, mwenye shida ameshauza.

Hata bima. CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mhamasishaji akipita mwezi wa tatu anarudi mikono mitupu na kuandika kwamba wananchi hawana mwamko. Akipita siku tatu baada ya malipo ya mnada, mama yuleyule, mwenye mwamko uleule, analipa. Nimewahi kumwambia mtumishi mmoja jambo hili. Alilielewa, akasema ratiba inatoka juu.

Mwaka 2025 nilikwenda tena Newala mwezi wa saba. Kikundi cha akina mama cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, anachohudhuria mama mkubwa kila Jumamosi kilikuwa na desturi ya kuvunja sanduku na kugawana Desemba, kama vikundi vingi, ili watu wale sikukuu. Mwaka ule walipiga kura wavunje mwanzoni mwa Julai. Walibishana wiki tatu. Waliopinga walisema Desemba ndiyo mila ya kikundi. Aliyeshinda hoja alikuwa mama mmoja aliyesimama na kutaja, mti kwa mti, alichouza msimu uliopita. Gawio la mama mkubwa lilikuwa laki moja na elfu themanini. Lilitosha nauli ya binti kurudi shule, madaftari, na mfuko wa salfa wa kupulizia mikorosho.

Kijana wa pikipiki alifika, daftari mkononi, akaegesha mahali palepale. Walisalimiana vizuri, akauliza habari za binti, akaambiwa yuko kidato cha sita. Wakazunguka shambani. Waliporudi, mama mkubwa alimwambia mwaka huu hana cha kuuza mpaka mwezi wa kumi. Kijana hakubisha. Aliomba maji ya kunywa, akanywa kopo zima, akaaga, akawasha pikipiki kuelekea nyumba ya pili.